Chakula cha Jioni Majengo: Sufuria Moja, Sahani Tofauti

Mazungumzo ya leo yanahusu sufuria ya jioni, na hasa yule mtu mmoja katika nyumba ambaye ameambiwa apunguze uzito, ilhali wengine wote wanasubiri kula kama kawaida.

Katika nyumba nyingi za Majengo, chakula cha jioni ndicho chakula. Asubuhi ni chai na mandazi mawili mtu akiharakisha kwenda Gikomba. Mchana ni chochote kilichopatikana kibandani, au hakuna. Ikifika saa mbili au saa tatu usiku ndipo sufuria inaepuliwa na watu wanakaa pamoja. Kwa sababu hiyo ushauri mwingi wa kupunguza uzito haufiki mtaani. Unamtaka mtu ale sana asubuhi na kidogo usiku, anunue kifua cha kuku na matunda ya aina tatu, kisha apikiwe chake peke yake. Nyumba yenye chumba kimoja na jiko moja haiwezi kuwa na sufuria mbili. Gesi haitoshi, pesa hazitoshi, na hata zingetosha, mtu hataki kula kama mgeni mbele ya watoto wake.

Kinachofuata, mara nyingi, ni kwamba aliyeambiwa apunguze uzito anaamua kulala bila kula. Siku mbili anaweza. Siku ya tatu anapika, anaonja, anaonja tena, na watoto wakishalala anamaliza ukoko wa sufuria na kikombe cha chai chenye sukari vijiko vitatu. Kesho yake anajilaumu kwamba hana nia. Nia anayo. Alichokosa ni mpango unaolingana na jiko lake.

Tatizo lenyewe si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, ule uliojulikana kama STEPwise, ulionyesha kwamba watu wazima 27 kati ya 100 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa karibu 39 kati ya 100, na kwa wanaume karibu 18. Pamoja na uzito huo huja shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maumivu ya magoti. Wakati huohuo, uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hali hizi mbili zinaweza kukaa chini ya bati moja: mama aliyezidi uzito na mtoto asiyekua inavyopaswa, wote wakila kutoka sufuria hiyohiyo. Kwa hiyo mpango wowote wa kumpunguzia mama chakula ambao unampunguzia na mtoto ni mpango mbaya.

Kalori ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula. Mwanamke mzima huhitaji kalori 2,000 hivi kwa siku na mwanamume 2,500 hivi, ingawa anayebeba mizigo Gikomba tangu alfajiri hawezi kulinganishwa na anayekaa kwenye mashine ya kushona. Kwa mtu anayejaribu kupunguza uzito, chakula cha jioni cha kalori 500 hadi 600 kinatosha na kinashibisha, mradi kimepakuliwa vizuri. Hakuna haja ya kununua mizani ya jikoni. Inatosha kujua mahali kalori zinapojificha, na katika sufuria ya Majengo zinajificha zaidi kwenye mafuta.

Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ni yaleyale 9 hata kama chupa imeandikwa kwamba hayana kolesteroli. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Sasa ichukuliwe nyumba ya watu watano inayonunua nusu lita ya mafuta ya kupima, yale ya mashine ya dukani ambayo watu huiita ATM. Nusu lita hiyo ina kalori zaidi ya 4,000. Ikiisha kwa siku mbili, kila mtu amekula kalori 400 hivi za mafuta matupu kila siku, kabla ya kuhesabu unga, maharagwe wala sukari. Nusu lita hiyohiyo ikikaa siku nne, kila mtu amepunguza kalori 200 kwa siku, na hakuna aliyenyimwa tonge. Pesa nazo zimebaki mfukoni.

Njia ya kufika hapo ni kuacha kumimina kutoka kwenye chupa. Mafuta yapimwe kwa kijiko kikubwa: viwili kwa sufuria ya watu watano, vitatu wakizidi hapo. Kitunguu kiwekwe pamoja na mafuta hayo moto ukiwa mdogo, sufuria ifunikwe, na kikianza kushika chini kiongezwe maji vijiko viwili badala ya mafuta. Nyanya zikiingia zitatoa maji yake zenyewe. Sukuma wiki ije mwisho, ifunikwe dakika chache na kuepuliwa ingali na rangi yake.

Baba atasema mboga imekauka. Hakuna haja ya kulificha hilo: mtu aliyezoea mboga inayong'aa ataona tofauti wiki ya kwanza. Ndiyo maana inafaa kupunguza polepole, na pengo lijazwe na vitu vyenye ladha ambavyo havina kalori za kuhesabu, yaani dania, hoho, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Chumvi isiwe ndiyo ya kujaza pengo hilo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai, na vile viungo vya mchuzi vya pakiti vina chumvi nyingi tayari.

Baada ya mafuta ni ugali. Ugali hauna kosa, na wanaosema uachwe kabisa wanamfukuza mtu kutoka kwenye meza yake. Hesabu yake tu ndiyo ya kujua. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Kilo moja ya unga ikisongwa kwa watu watano na kugawanywa sawa, kila mmoja amepata kalori 720 kwa ugali peke yake. Anayepunguza uzito apate kipande cha ukubwa wa ngumi yake, ambacho kitakuwa na nusu ya hizo au pungufu. Unga wa kusagisha kwenye posho-mill bila kukoboa, au uliochanganywa na mtama na wimbi, una kalori karibu sawa na ule mweupe, lakini nyuzinyuzi zake humfanya mtu ashibe mapema na njaa ichelewe kurudi.

Hapo ndipo sahani inapoanza kutofautiana ilhali sufuria ni moja. Kawaida ya mtaa ni mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni ya kusindikiza. Kwa anayepunguza uzito mambo yageuzwe: mboga za majani zichukue nusu ya sahani, ugali au wali robo, na robo iliyobaki iwe ya maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama. Ili hilo liwezekane, mboga lazima ziwe nyingi sufuriani tangu mwanzo. Fungu moja la sukuma wiki lililogawanywa kwa watu watano haliwezi kujaza nusu ya sahani ya mtu yeyote. Pesa zilizookolewa kwenye mafuta ziende kwenye fungu la pili, na lisiwe sukuma kila siku. Managu, terere, kunde, saga na mrenda hupatikana kwa kina mama wa mboga, na zikichanganywa mbili mbili zinalainisha uchungu wa ile chungu.

Majengo ina bahati ya kuwa na mapishi ya aina nyingi. Tangu mtaa huu uanze katika miaka ya 1920, waliojenga hapa walitoka pwani na bara, na mpaka leo mlango mmoja unatoa harufu ya mbaazi za nazi na wa pili harufu ya githeri. Hakuna haja ya kuazima vyakula vya mbali. Yafuatayo yanapikika kwa jiko moja.

Jioni ya omena. Soko la samaki la Gikomba liko karibu, na omena waliokaushwa ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi kwa pesa kidogo: nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na wakiliwa wazima hutoa madini ya chokaa ya mifupa. Kosa ni kuwazamisha kwenye mafuta. Waoshwe kwa maji moto mara mbili au tatu, wakaushwe kwenye sufuria kavu huku wakigeuzwa mpaka walie kama majani makavu, kisha waingie kwenye kitunguu, nyanya na tangawizi. Ndimu ikamuliwe juu wakati wa kupakua. Kwa ugali wa ngumi moja na mboga nyingi, sahani hiyo haitafika kalori 600. Samaki wa mchuzi naye anashinda samaki wa kukaanga. Mgongo wazi wa kukaangwa, ambao watu wengi hununua kwa sababu ya bei, una nyama kidogo na umekunywa mafuta mengi, kwa hiyo uwe wa mara moja moja.

Jioni ya ndengu au mbaazi. Gramu 100 za ndengu kavu zina karibu gramu 24 za protini. Shida ya nafaka za kunde ni gesi ya kuzichemsha, na kwa hilo kuna kina mama mtaani wanaouza maharagwe, ndengu na githeri zilizokwisha kuchemshwa, za kupimwa kwa kikombe. Huko ni kuokoa muda na moto, na hakuna aibu yoyote. Wanaopika kwa nazi watumie tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, kuivishia mbaazi, na tui zito liwe vijiko viwili vitatu vya mwisho, kwa ajili ya harufu. Ladha ya nazi inabaki. Mafuta mengi ya nazi yamo kwenye tui la kwanza.

Swali litakalofuata ni la chapati, maana ndengu bila chapati kwa wengine ni adhabu. Chapati moja ya kawaida hutumia unga gramu 80 hivi na mafuta yasiyopungua kijiko kikubwa, ukihesabu yale ya kukandia, ya kukunjia na ya kuchomea. Hapo ni karibu kalori 400. Mbili ni 800, na ndengu bado hazijamwagwa. Basi iwe moja, mara moja kwa wiki, na bakuli la ndengu lijae. Siku nyingine ndengu ziliwe na kipande cha kiazi kitamu, nduma au muhogo wa kuchemsha.

Githeri ni chakula kilichokamilika karibu chenyewe, ila watu hukiharibu kwa kukikaangiza mara mbili. Kikichemshwa na kuungwa kwa nyanya, hoho, karoti na kabichi au sukuma iliyokatwa, hakihitaji zaidi ya kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria. Anayependa kukilainisha akate robo ya avokado juu yake. Avokado nalo lina mafuta mengi, nusu ya tunda la wastani ni kalori 130 hadi 160, kwa hiyo lichukue nafasi ya mafuta ya chupa. Vikiwekwa vyote viwili hesabu inarudi palepale.

Siku ambayo pesa zimeisha kabisa, mayai mawili ya kuvurugwa ndani ya nyanya na mchicha, pamoja na kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha, ni chakula cha jioni kamili, na yai moja lina kalori 70 na kidogo tu. Chai na mkate mkavu si badala yake. Mkate huo humwacha mtu na njaa saa nne usiku, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari imekwisha kumpa kalori 50 kwa kikombe. Vikombe vinne kwa siku ni kalori 200, sawa na zile zilizookolewa kwenye mafuta. Apunguze kijiko kimoja kila wiki. Tangawizi na iliki zitasaidia. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai 8 hivi, na maji ya mfereji yaliyochemshwa hayana hata kimoja.

Pilau ya Ijumaa ibaki. Anayesema mtu wa Majengo aache pilau hajawahi kukaa Majengo. Nyama ya mafuta iondolewe mafuta kabla ya kuchemshwa, kitunguu kigeuzwe rangi kwa mafuta ya kupima badala ya upawa, na bakuli la kachumbari liwe kubwa kuliko ilivyozoeleka. Anayepunguza uzito aanze na kachumbari, kisha apakue pilau mara moja tu. Katika mwezi wa Ramadhani, viazi karai, bajia na mahamri huja vyote kwenye sinia moja wakati mtu ana njaa kuliko siku zote. Tende, uji au supu vitangulie, na sala ipite kabla ya kurudi kwenye sinia.

Wengi hawapiki kabisa. Vijana wanaoishi peke yao, na wanaofunga biashara usiku, hununua. Kibandani pia kuna cha kuchagua. Chips na soseji ndicho chakula kizito kuliko vyote vilivyopo pale, kwa sababu viazi vimekunywa mafuta na soseji ilikuja nayo. Mayai ya kuchemsha na kachumbari, madondo na mboga, supu ya mifupa iliyoenguliwa mafuta ya juu, mahindi ya kuchemsha, vyote vipo na vingine vina bei ya chini. Mwenye kibanda akiombwa aongeze mboga na apunguze ugali, ataongeza. Na anayejijua kwamba hufika nyumbani akiwa na njaa ya kumla mtu, ale ndizi moja au kikombe cha mala saa kumi na moja jioni, ili asimalize nusu ya chakula akiwa bado anapika.

Kuna watu ambao mazungumzo haya hayawahusu hivyo. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze chakula kwa ajili ya uzito bila kuongea na mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, na ambaye uzito wake unashuka bila kutaka, anahitaji kuongezewa. Mtoto mdogo apakuliwe kutoka sufuria hiyohiyo, lakini juu ya chakula chake iongezwe kijiko cha mafuta, avokado, yai au omena waliopondwa, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na mwili wake unajenga. Sahani ya mama na sahani ya mtoto zinatoka pahali pamoja bila kufanana.

Na kuna jambo moja la hatari. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, hapaswi kuruka chakula cha jioni. Baadhi ya dawa hizo huendelea kushusha sukari usiku hata kama tumbo ni tupu. Mtu anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kuzimia akiwa amelala, na jirani wakadhani ni usingizi. Akionyesha dalili hizo angali na fahamu, apewe mara moja kitu chenye sukari ya kweli, kama juisi, soda ya kawaida au maji yenye sukari, kisha chakula, na apelekwe hospitalini. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitalini. Anayetaka kupunguza kalori huku akitumia dawa hizo aende kliniki kwanza, kwa sababu huenda na dozi ikahitaji kupunguzwa.

Kujua kama mtu anahitaji kupunguza uzito hakuhitaji kubahatisha. Uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 anapata 32. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni sawa, 25 na zaidi uzito umezidi, 30 na zaidi ni unene wa kutafutiwa msaada. Asiyetaka hesabu achukue uzi, apime urefu wake, aukunje mara mbili na auzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Usipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hiyo ni dalili ya kwenda kupimwa shinikizo na sukari.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wamepewa, tangu mwaka 2023, mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo na kifaa cha kupima sukari. Vipimo hivyo vinaweza kufanywa mlangoni. Kwa anayeanza wiki hii, mizani ya kliniki mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile na saa ileile. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na ziko wiki ambazo haitashuka.

Sasa ni nafasi ya maswali. Wenye maswali ya dawa watatangulia, wakiwa na vidonge vyao mkononi ikiwa wamekuja navyo.